Mpweke Katikati ya Watu

Mtu akiropoka kijiweni, iwe Tandika au Tarime, hakawii kuulizwa: "Wewe umetoroka Mirembe?" Watu wanacheka, gumzo linaendelea. Wengi wanaolitaja jina hilo hawajawahi kukanyaga Dodoma, ilipo hospitali hiyo ya akili iliyoanzishwa na Waingereza miaka ya 1920. Leo ni hospitali ya taifa, na watu hutibiwa wakarudi nyumbani. Jina, hata hivyo, limebaki kuwa tusi.

"Kichwamaji" ni neno la ukoo huohuo, na Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974. Kazimoto, anayetusimulia kisa chake mwenyewe, ni msomi wa chuo kikuu. Hakutupwa porini wala kufukuzwa kwao Ukerewe. Ana wazazi, ana marafiki, baadaye ana mke. Kilichomtenga ni elimu iliyomfanya ahoji kila kitu, pamoja na kisasi: Manase, msomi mwenzake aliyepata cheo cha ukuu wa wilaya, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na binti huyo akafa. Kazimoto anapanga kumlipizia Manase kwa dada yake, Sabina. Mtego unamgeukia: anampenda, anamwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na hapo jina la kitabu linashika maana ya pili, ya mwili kabisa. Kazimoto anajiua.

Miaka vilipotoka vitabu vya Kezilahabi inastahili kutazamwa. Riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa Operesheni Dodoma. Wagogo wa Dodoma walizoea kuishi kwa kutawanyika, tembe hapa, tembe kule, kila kaya karibu na mashamba na mifugo yake. Operesheni ikawakusanya katika vijiji vya ujamaa. Kichwamaji ikatoka wakati uhamishaji huo umeenea nchi nzima. Hoja ya serikali ilieleweka: watu wakikaa pamoja, shule, zahanati na maji vitawafikia kwa urahisi. Lakini huko Ukerewe ya Kezilahabi watu tayari walikuwa wanakaa pamoja, wakijuana mpaka majina ya mbuzi, na bado mtu aliweza kufa kwa upweke.

Rosa, mhusika mkuu wa Rosa Mistika, ndiye ushahidi mchungu zaidi. Baba yake, Zakaria, mlevi, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Msichana anajifunza kuwaogopa wanaume kabla hajawajua. Hofu hiyo inapokatika, inakatika vibaya: akiwa chuo cha ualimu Morogoro jina lake linachafuka. Baadaye anajirekebisha, anachumbiwa na Charles yuleyule, kisha anaachwa kwa kuwa si bikira. Yeye pia anajiua. Wanaume waliomchezea hakuna aliyewauliza walivyokuwa. Kitabu chenyewe nacho kilitengwa: kwa muda kilipigwa marufuku shuleni.

Shaaban Robert alikuwa ameshaandika juu ya mtu wa peke yake. Katika Utubora Mkulima, Utubora anaacha kazi ya mjini, anakwenda kulima Busutamu, na upweke wake unamtakasa. Mwishowe anapata hata mke. Kezilahabi alimjua vizuri mtangulizi wake, maana tasnifu yake ya uzamili, ya mwaka 1976, ilihusu riwaya za Shaaban. Yeye mwenyewe hakuwapa wahusika wake shamba la kukimbilia. Utubora alichagua kuondoka. Rosa na Kazimoto walibaki palepale, wakisalimiwa kila asubuhi na watu waliokwisha kuwapa majina.