Tulicheka Sana, Lakini Tulimcheka Nani?

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi katika shule ya msingi ya bweni, hapakuwa na jambo tulilolisubiri kwa hamu kama Jumamosi ya mwisho wa muhula. Usiku huo televisheni ya pekee shuleni ilitolewa ofisini ikawekwa juu ya meza bwaloni, nasi tukaketi sakafuni bega kwa bega. Sinema tuliyoipenda kupindukia ilikuwa sehemu ya pili ya The Gods Must Be Crazy, kazi ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotolewa mwaka wa 1989.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nyegere alimng'ata mtu kiatu akakataa katakata kukiachilia. Askari wawili wa kambi hasimu, mmoja wao Mkuba, walitekana kwa zamu. Naye Xixo, Msan wa jangwa la Kalahari, alifuata nyayo za wanawe wawili waliochukuliwa na lori la majangili wa pembe za ndovu bila majangili hao kujua.

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu sinema hiyo. Wao walicheka, mimi kicheko kilinikauka kinywani.

Sinema hiyo humchora Msan kama mtu asiyejua lolote kuhusu ulimwengu wa leo. Ukweli ulikuwa mwingine. Filamu ya kumbukumbu ya John Marshall kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, iliyotolewa mwaka wa 1980, inaonyesha watu wa jamii hiyo wakiishi Tsumkwe, Namibia, katika makazi ya serikali, wakigombania posho ya unga, huku jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha vijana wao. Namibia ilipata uhuru mwaka wa 1990. Kwa hiyo, wakati sisi tukiwacheka askari wale wawili, vita havikuwa mzaha kwa jamaa za N!xau, mwigizaji aliyekuwa Xixo.

Hata hivyo, haki ni haki. Katika sinema hiyo, Xixo ndiye mwerevu kuliko wote. Wasomi na wanajeshi wanapotea jangwani. Yeye anasoma mchanga kama sisi tusomavyo kitabu. Mapenzi yake kwa wanawe yangali yananigusa. Sisemi basi kwamba sinema hiyo itupwe.

Linaloniumiza ni jambo jingine. Darasani mwetu alikuwamo mvulana wa jamii ya warina asali wa Msitu wa Mau. Baada ya sinema ile tulimbandika jina la Xixo, tukawa tunabofya ndimi kila alipoingia darasani. Naye alicheka pamoja nasi. Leo, baada ya miaka mingi ya ualimu, nawajua watoto wanaocheka ili wasilie.

Mwaka wa 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek ilipowafurusha kutoka Mau. Niliposoma uamuzi huo nilimkumbuka mwenzetu yule. Mtu akishafanywa kichekesho, ni nani atakayeshtuka akifukuzwa kwao?

Walimu wenzangu, tusiwanyime watoto sinema, tuwafunze kuitazama. Tuwaulize ni nani anayesema, na ni nani anayesemewa. Wakipewa nafasi, watatushangaza. Siku ile, msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono. Alikuwa ametambua kwamba Xixo husema kwa lugha yake, nasi tukaambiwa maana na msimulizi.

"Mwalimu," akauliza, "tunajuaje kwamba hayo ndiyo aliyoyasema?"

N!xau alifariki mwaka wa 2003. Sikuwa na jibu, ila nilifurahi kwamba swali ambalo mimi sikuliuliza utotoni hatimaye limeulizwa.