Lumbwi wa Machakos hataki joto la Mombasa

Mpwa wangu aliyeko Leicester alinipigia simu usiku mmoja wa Desemba. "Mjomba, lumbwi wangu ashinda amefumba macho mchana kutwa. Ni usingizi?"

Si usingizi. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa. Nikamwambia anitumie picha ya anapoishi. Tangi la kioo, balbu nyekundu inayowaka usiku na mchana, na kibakuli cha maji chini. Aliyemuuzia alimwambia huyu ni mnyama wa Afrika, mpe joto.

Afrika gani? Kinyonga wake ni yule dume wa pembe tatu anayeitwa kwa jina la Jackson, afisa wa kikoloni, na kwao ni nyanda za juu za Kenya. Wale wa vilima vya Machakos wanapendwa sana na wafugaji wa ng'ambo kwa rangi zao za kijani, manjano na buluu. Mji wa Machakos uko kama mita 1,600 juu ya bahari, na vilima vya Iveti vinapanda zaidi ya hapo. Mtu wa Mombasa aliyewahi kulala huko mwezi wa Julai anajua: shuka moja haitoshi.

Basi anayemfugia kiumbe huyu ndani ya nyumba kazi yake ni kuunda siku ya Machakos, na hasa usiku wake. Mchana kibanda kiwe na nyuzi 21 hadi 26 za Selsiasi. Pembe moja ya juu, penye tawi la kuotea jua, ifike 28 hivi. Usiku joto lishuke hadi 15, hata chini kidogo si neno. Kwa hiyo kifaa cha joto ni balbu moja ndogo tu, nje ya wavu, inayozimwa jioni. Balbu nyekundu ya usiku ni pesa ya bure. Inamnyima mnyama baridi yake na usingizi wake. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Weka kipimajoto pale kwenye tawi, au weka mgongo wa mkono wako hapo dakika tano. Ukikuchoma wewe, yeye je, asiyejua kukimbia?

Taa ndiyo inayowachanganya wengi. Balbu ya joto haitoi miale ya UVB, na bila miale hiyo mwili wa kinyonga hautengenezi vitamini D, chokaa haiingii mifupani, na anapata matege kama mtoto aliyefungiwa ndani. Kumweka dirishani hakusaidii, maana kioo kinazuia miale hiyo. Nunua taa ndefu ya tyubu, ile nyembamba ya T5 inayotoa UVB, iwe juu ya wavu, na tawi liwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Vile vibalbu vidogo vya kujisokota ni rahisi kwa bei, lakini vinamulika sehemu ndogo mno. Na jambo ambalo muuzaji halisemi: tyubu inaendelea kuwaka vizuri machoni pako huku miale imeshakwisha. Andika tarehe uliyoinunua, na baada ya mwaka ibadilishe. Funga na saa ya kuwasha na kuzima, masaa 12 na 12, kwa sababu Machakos iko karibu na ikweta na haijui siku fupi za Desemba ya Uingereza.

Halafu maji. Kinyonga hanywi kibakulini. Anaramba matone kwenye majani, kama umande. Chupa ya kunyunyizia ya bei nafuu inatosha kwa mwenye kushinda nyumbani. Anyunyize asubuhi kabla taa haijawaka na jioni ikishazimwa, mpaka majani yachuruzike. Anayefanya kazi za zamu anunue pampu ya kunyunyizia yenye saa. Kipima unyevu kisome asilimia 50 hivi mchana, kipande 80 au zaidi usiku, ila kibanda kikauke katikati. Unyevu na joto ndani ya kioo kisichopitisha hewa huleta ugonjwa wa mapafu. Ndiyo maana kibanda kiwe cha wavu, kirefu kwenda juu, na mimea hai ndani.

Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Oahu, Hawaii, aliletewa vinyonga hawa kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji, akawaachia bustanini wapate nafuu. Walipata kweli, kwa ukungu na baridi ya milima ile, hata leo wamezagaa visiwani na serikali ya huko inawahesabu wavamizi.

Sisi wa Pwani tusijaribu. Vyumba vyetu vya Mombasa na Malindi mwezi wa Machi vinamuua bila balbu yoyote. Tena humu nchini, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kumfuga bila leseni. Mambo hayo ni ya KWS. Ukimkuta Machakos juu ya ua wa michongoma, muache hapo hapo.

Mpwa wangu alizima balbu nyekundu usiku ule ule, akaanza kunyunyiza. Tangi la kioo aliuza, akanunua kibanda cha wavu na tyubu. Siku ya nne akanitumia picha nyingine: jicho moja linatazama mbele, la pili linamtazama nzige.