Je, Wajua? Kaboni, Upepo na Kilomita 300 za Hisani

Kuna rafiki yako amejiandikisha kuendesha baiskeli siku mbili kuchangia hospitali, na tangu hapo hatulii mbele ya duka lenye fremu ya kaboni dirishani. Kabla hajafungua pochi, msomee haya.

Watu 36, kisha dola bilioni moja

Mwaka 1980 Mmarekani Billy Starr aliwakusanya waendesha baiskeli 36 wakavuka jimbo la Massachusetts, wakachangisha dola 10,200 za kupambana na saratani. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, inaendelea hadi leo, na kufikia mwaka 2024 jumla ya michango yake kwa taasisi ya saratani ya Dana-Farber, mjini Boston, ilikuwa imevuka dola bilioni 1. Njia yake maarufu, kutoka Sturbridge hadi Provincetown, ni takriban kilomita 300, na hakuna anayepewa medali kwa kutangulia. Kwa hiyo baiskeli ya kutafuta ni ile itakayokufikisha siku ya pili ukiwa bado unaweza kugeuza shingo. Ya kushinda mbio waachie wenye mbio zao.

Bingwa wa dunia amewekewa kikomo, wewe hujawekewa

Tangu mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, limepiga marufuku baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8. Tadej Pogačar alifungwa na sheria hiyo hata alipotwaa ubingwa wa dunia Kigali, Septemba 2025, kwenye njia ya kilomita 267.5 yenye milima ambayo jumla yake ni mita 5,475, karibu sawa na kupanda Kilimanjaro yote kuanzia usawa wa bahari. Mwendeshaji wa hisani hapimiwi baiskeli na mtu. Akitaka anaweza kuwa na nyepesi kuliko ya bingwa, kwa sababu zipo fremu za kaboni, kama Aethos ya Specialized ya mwaka 2020, zisizofika gramu 600. Nenda dukani ushike pakiti ya sukari ya kilo moja: fremu hiyo ni nyepesi kuliko pakiti hiyo kwa zaidi ya theluthi.

Fremu na sweta ni ndugu

Nyuzi nyingi za kaboni huanza maisha zikiwa poliakrilonitrili, jamaa wa karibu sana wa uzi wa akriliki unaofumiwa sweta za bei nafuu. Nyuzi hizo hupashwa joto la zaidi ya nyuzijoto 1,000 za selsiasi pasipo oksijeni, na kwa kuwa haziwezi kuwaka, vitu vingine vyote hutoka ndani yake, ikabaki kaboni karibu tupu. Unyuzi mmoja una unene wa mikromita 7 hivi. Panga kumi bega kwa bega upate unene wa unywele mmoja wa kichwani. Na wazo lenyewe lina umri: Thomas Edison alichoma mianzi ikawa kaboni, akaitumia kama unyuzi wa taa zake za umeme, miaka ya 1880. Nyuzi imara kweli kweli zilingoja hadi 1958, pale Roger Bacon wa kampuni ya Union Carbide alipozigundua katika maabara huko Ohio.

Kampuni ya mafuta iliwahi kuuza baiskeli

Miaka ya 1970 Exxon, hiyo hiyo ya petroli, iliuza baiskeli ya kaboni iliyoitwa Graftek. Haikudumu sokoni, lakini mwaka 1986 Greg LeMond alishinda Tour de France juu ya fremu ya kaboni ya kampuni ya Look, na chuma kikaanza kuaga.

Kilo moja iliyopungua ni sekunde arobaini na kidogo

Tuseme mwendeshaji ana kilo 75 na baiskeli yake kilo 9. Ukipunguza kilo moja nzima, umepunguza asilimia 1.2 tu ya mzigo wote. Kwenye mlima mkali wa kupanda saa nzima, ambako pambano karibu lote ni la uzito, anafika kama sekunde 43 mapema. Chupa mbili za maji za mililita 750 zikijaa zina kilo moja na nusu, maana yake ukiuanza mlima na chupa moja badala ya mbili, umepata sehemu kubwa ya kile ulicholipia kwa dola elfu kadhaa. (Usijinyime maji kwa ajili hiyo. Kunywa kwa sababu ya kiu.)

Ukuta mkubwa ni mwili wako

Kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu ya mwendeshaji huishia kusukuma hewa, na katika upinzani huo takriban robo tatu hutokana na mwili wake, si baiskeli. Tena upepo hauna huruma: ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya kuushinda huongezeka mara nane. Kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 33, ambazo ni tatu tu, upepo peke yake unakudai nguvu zaidi kwa theluthi. Ndiyo maana fulana inayopepea ni hasara, na ndiyo maana hata miguu inanyolewa: Specialized walipowapima waendeshaji kwenye handaki la upepo mwaka 2014, miguu laini iliwaokolea kwa wastani zaidi ya dakika moja katika kilomita 40. Wembe ni bei ya chai.

Kuliko wembe, kuna watu. Profesa Bert Blocken na wenzake walichunguza kundi la waendeshaji 121 na kutangaza mwaka 2018 kwamba aliyejificha katikati na nyuma ya kundi hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao angeupata akiwa peke yake. Hakuna fremu inayouzwa duniani yenye kukupa hivyo. Kundi la hisani halibanani kama la Tour de France, lakini hata mgongo wa mtu mmoja mbele yako ni zawadi, mradi mpokezane zamu.

Tairi nene hukimbia

Miaka mingi tuliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo likawa gumu kama jiwe ndilo lenye mbio, na wataalamu wenyewe walipanda milimita 23. Leo wako kwenye 28 na zaidi. Kwa upepo ule ule, tairi pana hukanyaga barabara kwa alama fupi na pana, hivyo mpira haukunjiki sana. Na kwenye lami yenye mikwaruzo, tairi gumu huurusha mwili juu chini na kupoteza nguvu kwa mitetemo. Jozi ya tairi nzuri ni sehemu ndogo ya bei ya fremu, na starehe inayotangazwa kwa jina la fremu mara nyingi ni kazi ya tairi. Kama fremu yako ya sasa ina nafasi ya milimita 28 au 30, mimi ningeanzia hapo, na hela iliyobaki ningeipeleka kwenye jambo linalofuata.

Mizunguko 64,800

Kilomita 300 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni saa 12 juu ya siti. Ukikanyaga pedeli mara 90 kwa dakika, goti lako litazunguka mara 64,800. Siti iliyokosea kimo kwa milimita chache ni kosa dogo asubuhi. Jioni limerudiwa makumi ya maelfu. Mtu anayejua kupima mwili na baiskeli hutoza kiasi kidogo ukilinganisha na fremu, na akishakupima ndipo utajua fremu ya kutafuta: kwa wengi ni ile ya masafa, yenye shingo ndefu kidogo mbele ili mgongo usilale mno.

Hutengenezwa kwa mkono, na malighafi hukaa jokofuni

Fremu moja ya kaboni ni mamia ya vipande vya kitambaa chenye gundi, vilivyokatwa na kupangwa kwa mikono ndani ya kalibu, kimoja kimoja. Kitambaa hicho hutunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 18 hivi chini ya sifuri, la sivyo gundi huanza kukauka yenyewe. Mwelekeo wa kila kipande ndio siri ya kazi, kwa kuwa uzi wa kaboni una nguvu kwa urefu wake tu. Fremu mbili zenye sura moja zinaweza kuwa na tabia mbili.

Haishiki kutu, ila huwashikisha wenzake

Kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini penye chumvi na unyevu, hugeuka betri ndogo inayoila ile alumini, hadi nguzo ya siti inang'ang'ania ndani ya fremu na kukataa kutoka. Jasho linatosha kuanzisha jambo hilo. Anayeendesha kando ya bahari, Mombasa au Dar es Salaam, ana sababu mbili za kuichomoa na kuisafisha mara kwa mara.

Skrubu hukazwa kwa nusu kilo

Kwenye vibano vingi vya usukani utakuta maandishi madogo: newton-meta 5. Hiyo ni sawa na uzito wa nusu kilo ukining'inia mwisho wa fimbo ya mita moja, wala si zaidi, na fundi mwenye mkono mzito huweza kuipasua kaboni kwa kuikaza tu. Spana yenye kipimo inunuliwe siku moja na fremu. Pale nguzo ya siti ya kaboni inapobanwa, badala ya grisi hupakwa losheni yenye chembechembe kama mchanga, ili ishike bila kuminywa sana.

Fundi hugonga kwa sarafu

Kaboni iliyopasuka ndani inaweza kuonekana nzima kwa nje, kwa hiyo anayeuziwa fremu iliyotumika huigonga kwa sarafu taratibu, sentimita kwa sentimita. Palipo pazima hulia kwa mlio mkali. Mlio ukizama ghafla mahali pamoja, pana shaka, na kipimo cha mawimbi ya sauti ndicho kitakachoamua. Ufa wenyewe mara nyingi hutibika: fundi wa kaboni husugua sehemu mbovu, hufunika kwa tabaka mpya zenye mwelekeo ule ule wa nyuzi, huzikausha kwa joto, kisha hupaka rangi. Muulize muuzaji kama fremu yake imewahi kupitia mikono hiyo, na umwombe picha za kabla ya rangi.