Bastola za Fataki na Asili ya Namba 38

Risasi ya bastola iitwayo "38" ina jina lisilolingana na kipimo chake. Namba hiyo yadhaniwa kuwa kipenyo kwa sehemu za mia za inchi, lakini akikipima kidonge chenyewe kwa kalipa, mtu atakuta inchi 0.357 tu, yaani milimita 9 na kidogo. Asili ya tofauti hiyo ni kazi ya mafundi wa Marekani wa miaka ya 1870, waliozigeuza bastola za zamani zipate kutumia risasi za ganda.

Bastola ya fataki, ambayo Samuel Colt aliipatia hataza nchini mwake mwaka 1836, ilikuwa na silinda yenye vyumba vitano au sita. Mpigaji alimimina baruti nyeusi kwa mbele, akashindilia juu yake kidonge cha risasi (hapa twamaanisha ile metali), kisha akavika fataki kwenye chuchu ya kila chumba upande wa nyuma. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na unyevu uliiharibu baruti.

Ganda la metali liliondoa udhia huo, kwani fataki, baruti na kidonge vilikaa pamoja. Lakini faida yake kubwa zaidi haionekani kwa macho. Baruti iwakapo, gesi hulitanua ganda likabana kuta za chumba kama kizibo, na gesi hiyo isipate njia ya kumrudia mpigaji. Kanieneo ishukapo, ganda husinyaa kidogo na kuuachia ukuta, likatolewa bila taabu. Mwanafunzi aliyesoma habari za unyumbufu ataona mara moja kwa nini si kila metali ifaayo kwa kazi hiyo.

Ili silinda ipokee ganda, ilibidi vyumba vitobolewe moja kwa moja hadi nyuma. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini lilikuwa na mwenyewe. Rollin White alilipatia hataza tarehe 3 Aprili 1855, na kampuni ya Smith & Wesson ikapata haki ya kulitumia. Ilianza kutoa bastola zake mwaka 1857, ikimlipa White senti 25 kwa kila moja. Lakini mapatano yalimtwika yeye gharama za kuwashtaki walioiga. Alishinda kesi, fedha zikamwishia. Bunge lilipopitisha mswada wa kumruhusu aombe nyongeza ya muda, Rais Ulysses Grant aliukataa Januari 1870. Katika muda wa hataza hiyo kampuni ya Colt iliendelea na fataki, hata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikapita.

Hataza ilipokwisha mwaka 1869, bastola za fataki zilikuwa nyingi mno, na chombo kilichokwisha kulipiwa hakitupwi ovyo. Charles Richards alipata hataza ya namna ya kuzigeuza mwaka 1871. William Mason akairahisisha mwaka 1872. Nyuma ya silinda iliyopunguzwa waliweka bamba la duara lenye kilango cha kutilia risasi. Zile zilizoitwa za "36" zilipokea ganda la karibu inchi 0.38, na kidonge kilikuwa na unene sawa na ganda, kisigino chake chembamba tu kikiingia ndani. Baadaye kidonge kilitumbukizwa ndani ya ganda, hivyo kikapunguzwa unene. Jina likabaki lile lile.

Siku hizi viwanda, hasa vya Italia, hutengeneza nakala za bastola hizo, na silinda za kugeuzia huuzwa. Hapo pana hatari ya kweli. Silaha za asili zilijengwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, ni jambo jingine. Tena bastola ya Colt ya fataki haina mhimili juu ya silinda, na fremu za shaba za baadhi ya nakala hulegea upesi kuliko za chuma cha pua. Ndiyo sababu silinda za kugeuzia hukusudiwa risasi hafifu tu. Kikomo cha kanieneo kwa risasi ya 38 Special ni takriban mara 1,150 ya kanieneo ya hewa. Kwa 357 Magnum, iliyotolewa mwaka 1935, ni takriban mara 2,400, ingawa vidonge vyake vina unene mmoja. Waliounda Magnum walilirefusha ganda lake kwa milimita 3 na zaidi, kusudi lisiingie kabisa katika silinda ya bastola dhaifu.