Fahamu: PCOS kwa mwanamke mwembamba

PCOS ni mvurugiko wa homoni unaozuia mayai kupevuka na kutoka kwa utaratibu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, wengi wao bila kujua.

Kwa nini wembamba husahaulika

Mwanamke mwembamba wa Kitengela anayekosa hedhi na kuota ndevu kidevuni huenda akaambiwa ni mawazo tu, kwa sababu picha iliyozoeleka ya ugonjwa huu ni ya mtu mnene. Lakini vigezo vya Rotterdam vya 2003, vinavyotumiwa kutambua PCOS, havitaji uzito popote. Vinataka dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, androjeni (homoni za kiume) kupita kiasi, au ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Wapo watakaosema daktari ana haki ya kusita, maana hedhi ya mwembamba inaweza pia kukatizwa na lishe duni, mazoezi makali, hitilafu ya tezi ya shingo au wingi wa homoni ya prolaktini. Kweli kabisa, na hayo hupaswa kuondolewa kwanza. Ila huondolewa kwa maswali na vipimo vya damu, si kwa kumtazama mtu mlangoni. Unene huzidisha dalili, hilo halipingwi, ila mwili mwembamba nao unaweza kukaidi insulini, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unataka kila mgonjwa apimwe sukari bila kujali kilo zake.