Mafurushi Yanayofunguka Bila Kufumuliwa: Mabingwa kwa Macho ya Malakia

Katika Malakia, mtaa mkongwe wa Juba jirani na soko la Konyo Konyo, fundi simu hushindana kwanza na uhaba wa nafasi. Simu ya mteja ina gigabaiti 16, sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo wenyewe, na mwenyewe anataka vitabu vya mtihani, ramani na programu za ofisi vyote viingie. Ukifumua furushi la zip lenye gigabaiti 3, unahitaji nafasi ya furushi na nafasi ya kila kilichomo. Haipo. Ndiyo maana rekodi za hapa chini hazihusu nani anabana zaidi. Zinahusu nani anakuruhusu uingie, uchukue unachokitaka na utoke, bila kumwaga vyote nje.

Zip dogo kuliko yote duniani lina baiti 22 tu, na halina kitu ndani. Baiti hizo 22 ndizo mkia ambao kila zip lazima liwe nao, na zinaanza na herufi PK, za Phil Katz, Mmarekani aliyeutoa mtindo huu mwaka 1989 kupitia kampuni yake ya PKWARE na kuacha maelezo yake wazi kwa kila mtu. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuiweka orodha ya yaliyomo mwishoni. Programu inaruka hadi mkiani, inasoma faharasa inayosema kila faili linaanzia baiti ya ngapi, kisha inakwenda moja kwa moja hapo. Zip lenye mafaili 2,000 linaonyesha orodha yake papo hapo, hata kwenye simu ya bei ya chini, kwa sababu hakuna kilichofumuliwa.

Faida yake ni kubwa zaidi furushi likiwa mbali. Tangu toleo la 1.1 la HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti, lilipotoka mwaka 1997, seva inaweza kuombwa kipande tu cha faili: baiti hizi mpaka hizi. Mkia wa zip pamoja na maelezo ya ziada hauzidi takriban kilobaiti 64. Unavuta mkia, unasoma faharasa, unavuta sura moja ya kitabu, basi. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inakuonyesha yaliyomo ndani ya mazip yake mengi namna hii, na unapakua faili moja badala ya furushi zima. Juba ilitegemea setilaiti kwa miaka mingi, hadi kebo ya nyuzi ilipofika kutoka upande wa Uganda mwaka 2020, na bando hadi leo linanunuliwa kwa hesabu. Kwa mtu wa huko, kuvuta megabaiti 2 badala ya 700 ni pesa ya chakula iliyobaki mfukoni.

Bingwa wa kuenea hajulikani hata na wanaomtumia. Ni zip hilo hilo, likiwa limevaa majina mengine: programu za Android zenye mwisho wa apk, hati za docx, majedwali ya xlsx, vitabu vya epub. Chukua hati ya docx inayogoma kufunguka, ripoti ya shule kwa mfano, iliyojaa picha. Ifungue kwa programu kama ZArchiver. Utakuta folda iitwayo word, na ndani yake nyingine iitwayo media. Picha zote zimo humo, moja moja, na mara nyingi ni nzima hata kama maandishi yameharibika. Unagusa, unanakili, umeokoa kazi ya mtu. Natamani kila anayeshika simu ajue njia hii, kwa sababu watu wamepoteza picha za ushahidi na za familia zilizokuwa bado zipo.

Apk nayo imekwenda hatua moja mbele. Faili la resources.arsc, lenye maneno na mipangilio ya programu, linaweza kuachwa bila kubanwa, likapangwa kwenye mipaka ya baiti 4, ili simu ilisome pale pale lilipo. Kuanzia Android 11 programu mpya zinalazimishwa kufanya hivyo. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, hata maktaba za msimbo zinaweza kuendeshwa zikiwa bado ndani ya furushi.

Kwa wepesi wa kuingilika, wa mwisho ni tar, mzaliwa wa Unix ya mwaka 1979. Liliundwa kwa ajili ya kanda za sumaku, kwa hiyo halina faharasa: programu inapita kichwa kimoja hadi kingine mpaka ikute jina. Likibanwa kwa gzip hali ni mbaya zaidi, maana hata kuruka haiwezekani. Mtindo wa 7z wa Mrusi Igor Pavlov una faharasa na unabana kwa nguvu mno, lakini ukiunganisha mafaili yote katika bonge moja, kupata la mwisho ni kama kutafuta shati lililo chini kabisa ya robota la mitumba: utayatoa yote ya juu kwanza. Kwa kutunza vitu ambavyo huvigusi, 7z ni zuri. Kwa simu ya kazi ya kila siku, silipendekezi.

La hatari kuliko yote linaitwa 42.zip. Lina baiti 42,374, na likifumuliwa tabaka zake zote za zip ndani ya zip linafikia petabaiti 4.5. Mwaka 2019 mtafiti David Fifield alionyesha kwamba tabaka hazihitajiki: zip lake la megabaiti 10 linatoa terabaiti 281 kwa mfumuo mmoja. Kwa zip hilo la Fifield, anayesoma faharasa kwanza anauona ukubwa huo wa ajabu kabla haujamdhuru.

Kwa ukubwa wa mkusanyo, hakuna anayeikaribia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti ya Internet Archive. Oktoba 2025 ilitangaza kurasa trilioni 1 za wavuti. Nyingi kati ya kurasa hizo zimo katika mafaili ya WARC, kila ukurasa ukibanwa peke yake, na faharasa kando inasema upo faili gani, baiti ya ngapi. Knoppix, mfumo wa Linux wa Klaus Knopper ulioanza mwaka 2000, ilikuwa imeshaonyesha wazo kama hilo kwa udogo: hadi gigabaiti 2 za programu ndani ya CD moja ya megabaiti 700, zikisomwa zikiwa zimebanwa.

Lakini taji la Malakia nampa ZIM, mtindo unaotumiwa na Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha, makala zaidi ya milioni 6, inakaa katika faili moja la zaidi ya gigabaiti 100, na inasomwa bila intaneti. Makala zimegawanywa katika mafungu ya takriban megabaiti 2, kila fungu limebanwa peke yake. Ukitafuta jina, programu inaigawa orodha katikati, tena katikati. Kwa majina milioni 16 hatua 24 zinatosha. Kisha inafumua fungu moja tu. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo sana ikilinganishwa na hiyo, na inaenea kwenye simu ya kawaida bila shida.

Kikwazo ni memori kadi. Kadi za gigabaiti 32 kushuka chini kwa kawaida huja na FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Kunakili kunakwama, na mwenye simu anadhani kadi ni feki. Dawa ni mbili: kuifomati kadi iwe exFAT, baada ya kutoa vilivyomo, au kulikata ZIM vipande vyenye miisho ya zimaa, zimab na kuendelea. Kiwix inavisoma vikiwa vimekatwa hivyo hivyo, mradi vikae folda moja.