«Sauf», «ne… que» na itemu za Exetat

Mdogo wangu yuko darasa la mwisho la sekondari hapa Lubumbashi, na mwaka huu anafanya Exetat. Siku moja aliniletea karatasi ya mazoezi aliyopata 9 juu ya 20. Tulipopitia makosa alikuwa na neno moja tu: «Yaya, ile nilikuwa naijua.» Nilidhani anajitetea. Nikaweka karatasi kando, nikamwuliza yale yale kwa Kiswahili. Kati ya makosa 11, 6 aliyajibu vizuri.

Wenzangu wa kitivo, makosa hayo 6 ni ya kwetu. Katika insha, mwanafunzi aliyeelewa swali vibaya anaonekana. Msahihishaji anaona alipopotea. Katika itemu yenye majibu 5 inabaki namba peke yake, na namba haisemi kama aliyekosa hajui jiografia au hakuelewa Kifaransa. Tusishangae: mtihani wa kuchagua jibu ulianzia kwenye kusoma. Frederick Kelly wa Kansas, Marekani, aliutunga takriban mwaka 1915 ili kupima jinsi watoto wanavyosoma kimya.

Tazama itemu hii niliyoitunga kwa mfano wa zile zilizomwangusha: «Toutes ces villes sont au bord d'un lac, sauf : 1. Goma 2. Bukavu 3. Lubumbashi 4. Kalemie 5. Uvira.» Alichagua Goma. Goma iko kando ya ziwa Kivu, anajua sana. Alikuta jambo la kweli akafurahi, akasahau «sauf» iliyokaa mwishoni kama mgeni mlangoni.

«Ne… que» ni mbaya zaidi. «Quel nombre n'a que deux diviseurs ? 1. 1 2. 9 3. 13 4. 15 5. 21.» Sisi tumezoea ukanushi unaojitangaza mwanzoni mwa kitenzi: haina, hawana, sikuona. Mwanafunzi akiona «n'a» anasikia «haina», na «que» inampita. Basi anatafuta namba isiyo na vigawanyo viwili, kumbe anaulizwa yenye viwili tu. Lakini itemu yenyewe inamwonya: kwa usomaji ule, majibu manne yote yangekuwa sawa. Ukiona majibu mengi yanakubali, usianze kubahatisha. Rudi kwenye swali, umelisoma vibaya.

Kwa hiyo tulianza hivi. Anafunika majibu kwa rula, anasoma swali, analisema kwa Kiswahili cha nyumbani, anajibu kwa mdomo, ndipo anafunua. Kwenye «sauf» anaandika K au U (kweli, uongo) mbele ya kila jibu, hata kama la kwanza linamvutia. Mwanzoni alilalamika kwamba anachelewa. Ni kweli, wiki ya kwanza anachelewa.

Kuna mwalimu aliyeniambia kwamba namharibu, afikiri kwa Kifaransa moja kwa moja. Sikubaliani naye. Kugeuza swali kwa Kiswahili ndiko kulikomwonyesha kazi ya «que». Miaka sita ya sekondari haikumwonyesha.

Mengine nayasema haraka. Kusoma daftari mara tano si sawa na kujiuliza: Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma. Itemu za miaka iliyopita zitumike hivyo, pasipo majibu pembeni. Na ule ushauri wa «usibadilishe jibu la kwanza» hauna msingi. Kruger na wenzake, mwaka 2005, waliona kwamba wanaobadilisha hutoka kwenye kosa kwenda kwenye jibu sahihi mara nyingi kuliko kinyume chake. Mdogo wangu anabadilisha akiweza kunionyesha neno alilolisoma vibaya. Kama hajui kabisa, na kosa haliondoi alama, anafuta majibu yasiyowezekana kwanza: akifuta 2, bahati yake inatoka 1 juu ya 5 kufika 1 juu ya 3.

Juzi amepata 14. «Sauf» zote alizipata. Makosa mawili yalitoka kwenye kemia, kwenye «à moins que», na Jumamosi tunaanzia hapo.